Anachofuata nyoka katika boma lako

MVUA zinapoanza kunyesha na nyasi kuota hadi mlangoni, kisa huwa ni kile kile katika sehemu nyingi za nchi. Mama ameingia ghalani kuchota mahindi akamkuta nyoka amejikunja nyuma ya gunia, au mtoto ametumwa kuokota mayai akarudi mbio akipiga mayowe. Majirani hukusanyika na rungu, mapanga na mawe. Nyoka huuawa, huning'inizwa kwenye ua ili wapita njia wajionee, kisha kila mtu akaenda zake akiamini kwamba hatari imekwisha.

Kumbe haijaisha. Kilichomleta nyoka huyo bado kimo mumo humo ghalani, kinatafuna mahindi. Baada ya siku au miezi kadhaa kitamleta mwingine.

Nyoka hana haja na binadamu. Ukimwondoa chatu mkubwa, ambaye visa vyake vya kumvamia mtu ni nadra mno, hakuna nyoka katika nchi hii anayeweza kummeza mtu, na kwa hivyo hakuna anayemwinda. Sumu yake ni silaha ya kupatia mlo, na mwili huchukua muda kuitengeneza upya baada ya kutumika. Anapoingia bomani huwa anatafuta chakula, maji au mahali pa kujificha. Katika hayo matatu, chakula ndicho kikubwa, na ndicho ambacho mwenye boma ana uwezo wa kukipunguza.

Kenya ina zaidi ya spishi 120 za nyoka. Wenye sumu inayoweza kumuua mtu hawafiki hata robo ya hao. Kila spishi ina mlo wake, na wengine huchagua chakula kuliko mgonjwa aliyelazwa hospitalini. Ndiyo maana ukijua ni viumbe gani wadogo wanaoishi nawe, utaweza kukisia ni nyoka gani watakaokutembelea.

Tuanze na panya, maana huyo ndiye mzizi wa fitina.

Panya wa mashambani, yule mwenye rangi ya kijivu na kahawia ambaye wataalamu humwita Mastomys natalensis, ana sifa moja ya kutisha: jike anaweza kuwa na chuchu hadi 24. Hubeba mimba kwa siku 23 hivi, na kuzaa watoto kumi kwa mkupuo mmoja ni jambo la kawaida kwake. Mradi chakula kipo, uzazi hauishi. Mavuno yanapoondolewa shambani na kuwekwa ghalani, naye huhamia huko. Panya wa darini, yule mwenye mkia mrefu, hahitaji hata kuhama kwa kuwa tayari analala juu ya vichwa vya watu.

Nyoka humpata panya kwa harufu. Ule ulimi anaoutoa na kuurudisha, ambao wengi hudhani ndio wenye sumu, hauna sumu yoyote. Kazi yake ni kuokota chembechembe za harufu hewani na ardhini na kuzipeleka kwenye kiungo maalumu kilichomo katika kaakaa. Njia anayopita panya kila usiku, kutoka tunduni hadi guniani, kwa nyoka ni barabara iliyowekwa alama.

Kifutu, ambaye wengine humwita bafe au moma, hutumia barabara hiyo kwa namna yake. Hafukuzi windo. Hujilaza kando ya njia ya panya, mwili wake mnene ukiwa na rangi za majani makavu na udongo, akangoja. Anaweza kungoja kwa siku nyingi bila kusogea. Uvumilivu huo ndio unaomfanya kuwa hatari kwa wakulima, kwani mtu anapokaribia, nyoka wengine hutoroka lakini kifutu hubaki pale pale akitegemea kwamba haonekani. Mguu mtupu humkanyaga, naye huuma.

Mwaka 2017 watafiti wa Afrika Kusini, Xavier Glaudas na Graham Alexander, walichapisha matokeo ya uchunguzi uliotumia kamera zilizotegwa porini. Waliona kwamba chura anapomsogelea kifutu, nyoka huyo hutoa ulimi na kuuchezesha polepole kama mnyoo ili chura auendee. Jambo la ajabu ni kwamba windo likiwa si chura, hakuutumia mchezo huo wa ulimi.

Kifutu hazai mayai bali watoto walio hai, na rekodi inayotajwa mara kwa mara ni ya jike mmoja mwenye asili ya Kenya, aliyefugwa katika bustani ya wanyama ya Dvůr Králové katika Jamhuri ya Czech, aliyezaa watoto 156 kwa mara moja. Wengi wa watoto wa nyoka huliwa kabla ya kukua. Hata hivyo, hesabu hiyo yaonyesha ni kwa nini kumuua mmoja aliyeonekana si njia ya kuwamaliza.

Swila ni mwindaji wa aina nyingine. Huyu hutembea. Huingia chini ya mlango, hupenya kwenye ufa wa ukuta wa udongo, hupekua pembe za chumba akitafuta panya, na mara nyingi hufanya hivyo usiku wakati watu wamelala. Mtu aliyelala sakafuni akijigeuza na kumlalia, au mkono wake ukianguka mbele yake, huumwa akiwa usingizini. Nyama ya mahali hapo huvimba na hatimaye huweza kuoza. Visa vya namna hiyo vinafahamika sana katika maeneo ya joto kama vile Baringo, Kitui na Kilifi, na waathiriwa wengi huwa ni watoto, kwa kuwa ndio hulazwa mkekani. Kitanda kilichoinuka na chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, vitu tulivyozoea kuvihusisha na malaria, humzuia pia mgeni huyu.

Miongoni mwa swila kuna mkubwa kuliko wote watemao mate duniani, na makao yake ni hapa kwetu na katika nchi jirani. Watu wa pwani na nyanda kavu wamemjua tangu zamani, lakini wanasayansi walimtambua rasmi kuwa spishi ya peke yake mwaka 2007 tu. Alipewa jina la Naja ashei kwa heshima ya James Ashe, mwanzilishi wa kituo cha nyoka cha Bio-Ken kule Watamu. Anaweza kufikia urefu wa zaidi ya mita mbili na nusu, na mlo wake ni pamoja na panya, kuku, mayai na hata nyoka wenzake, kifutu akiwa mmoja wao.

Hapa mhariri wa lugha ana neno lake. Magazeti yetu, likiwemo la Kiswahili, yamezoea kuandika "mamba mweusi" kila nyoka mwembamba mwenye kasi anapotajwa. Mamba, kwa Mswahili, ni mnyama wa mtoni mwenye meno. Jina hilo la nyoka Waingereza walilichukua kutoka kwa Wazulu, nasi tukalipokea kwa Waingereza ilhali tunalo letu: koboko. Tena koboko si mweusi. Ngozi yake ni ya kijivu au ya rangi ya zeituni iliyofifia. Cheusi ni kinywa chake anapokifungua. Anayemngoja nyoka mweusi ndipo akimbie huenda akangoja mno.

Rangi, kwa ujumla, ni shahidi asiyeaminika. Swila mmoja huwa mweusi, mwingine wa kahawia, na yule wa maeneo makavu ya kaskazini na mashariki huweza kuwa mwekundu kama tofali. Kwa hivyo ushauri wa kutambua nyoka kwa rangi, unaosambazwa kwa simu kila msimu wa mvua, ni wa kutiliwa shaka.

Baada ya panya huja vyura na mijusi, na hawa huletwa na taa na maji. Taa iwakayo nje usiku kucha huvuta wadudu. Wadudu huwavuta mijusi kafiri na vyura. Nao huwavuta nyoka. Mfereji unaovuja kando ya tangi hufanya kazi hiyo hiyo hata wakati wa kiangazi. Katika nyanda za juu, Nairobi ikiwemo, kuna nyoka mdogo mnene mwenye alama ya mshale kichwani ambaye mlo wake karibu wote ni vyura. Sumu yake huleta maumivu na uvimbe, ingawa si kawaida yake kuua.

Vyura na mijusi ndio pia chakula cha nyoka wembamba wa kijani wasio na madhara, ambao huuawa kwa wingi kuliko pengine nyoka wengine wote kwa kosa la kufanana na hongo. Hongo, yule wa kijani mwenye sumu kali, hukaa zaidi pwani, katika miembe, mikorosho na minazi, akiwinda ndege na panya wa mitini. Mtu wa Nyeri au wa Machakos anayedai kuwa ameua hongo kwenye ua la maua yamkini ameua mla-vyura asiye na hatia. Katika misitu ya magharibi kama Kakamega yuko jamaa yake hongo mwenye sumu vile vile, hivyo wa huko wasichukulie maneno haya kuwa kibali cha kumshika kila nyoka wa kijani.

Banda la kuku ni karamu ya namna tatu. Kuna mayai na vifaranga, ambavyo swila huvipenda. Kuna chakula cha kuku kilichomwagika, ambacho huwaita panya. Tena kuna giza na joto la viota. Anayeingiza mkono kiotani bila kutazama, hasa jioni, anaingiza mkono mahali ambapo huenda nyoka ameutangulia. Watoto hufanya vivyo hivyo wanapofukua mashimo ya panya au kupekua viota vya ndege mitini: wanawinda windo lile lile analoliwinda nyoka, mahali pale pale.

Si kila mla-mayai ni hatari. Yuko nyoka mwembamba asiye na sumu ambaye hali kitu kingine chochote isipokuwa mayai ya ndege, tena zaidi yale madogo. Hulimeza yai zima, akalivunja kooni kwa ncha za mifupa ya uti wa mgongo, akanywa kilichomo na kulitema ganda likiwa limekunjamana. Akitishwa, husugua magamba yake yakatoa sauti kama ya nyoka mwenye sumu, na maigizo hayo humponza.

Juu ya mti ambako ndege husuka viota kwa makumi, kuna uwezekano wa kumkuta boomslang, jina la Kiafrikana lenye maana ya nyoka wa mtini. Ni mwenye macho makubwa na hulka ya upole, na huwala ndege, makinda na vinyonga. Upole wake umewahi kumhadaa hata bingwa. Mnamo Septemba 1957, Karl Schmidt, mtaalamu mashuhuri wa nyoka katika mji wa Chicago, Marekani, aliumwa na boomslang mdogo aliyekuwa akimchunguza. Hakuliona jambo hilo kuwa zito. Alirudi nyumbani, akawa anaandika jinsi alivyojisikia. Siku iliyofuata alifariki, damu yake ikiwa imeshindwa kuganda. Dalili za sumu hiyo huchelewa, na kuchelewa huko ndiko kunakodanganya.

Wapo nyoka ambao mwenye shamba angepaswa kuwaombea maisha marefu. Yule wa kahawia mwenye mistari miwili hafifu kichwani, anayepatikana darini na kwenye matofali, hana sumu na humkaba panya kwa kumzunguka hadi akafa. Huingia katika mashimo membamba ambamo paka hawezi kuingia, akawala watoto wa panya wakiwa bado kiotani. Yuko mwingine mdogo wa bustani za nyanda za juu ambaye kazi yake ni kula konokono wasio na kombe, wale wanaotafuna kabeji. Na yule anayefanana na mnyoo unaong'aa, anayetokea baada ya mvua na kuitwa nyoka wa vichwa viwili, anacho kimoja tu. Ni kipofu, na hula mchwa na mabuu ya siafu. Kuwaua hawa ni kumpunguzia panya na mchwa maadui. Waswahili husema paka akiondoka panya hutawala.

Bundi naye yumo katika orodha hiyo. Wengi humfukuza kwa kuwa eti huleta mauti, ilhali usiku kucha yeye huwala panya ambao wangemleta swila. Sumu ya panya nayo itumiwe kwa hadhari, kwa sababu bundi au paka akimla panya aliyekwisha kuila, huweza kufa pia.

Sasa, umemwona nyoka, ufanye nini? Simama. Kisha rudi nyuma polepole hadi uwe umbali wa mita tano au zaidi. Swila hutema mate hadi mita mbili au tatu, na hulenga macho. Waondoe watoto na mbwa, umwachie nyoka njia ya kutorokea, na usimpoteze machoni ili ujue alikokwenda. Akiwa chumbani, funga mlango, ziba nafasi ya chini kwa nguo nene, kisha utafute mtu aliyefunzwa kuwaondoa au upige ripoti kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Watu wengi huumwa wakijaribu kumuua au kumshika nyoka ambaye angejiendea zake. Na aliyekwisha kuuawa asichezewe. Kichwa kilichokatwa huweza kuuma kwa muda baada ya kifo.

Mate ya swila yakiingia machoni, oshe kwa maji safi mengi kwa dakika 15 hadi 20, bila kusugua, na mgonjwa apelekwe hospitalini. Maji yakikosekana, maziwa yafaa.

Aliyeumwa atulizwe na asitembee. Avuliwe pete, bangili na viatu kabla ya uvimbe. Kiungo kilichoumwa kifungwe gango kama aliyevunjika mfupa, kisha asafirishwe hospitalini mara moja. Ikiwa chombo kilichopo ni bodaboda, akalishwe kati ya dereva na mtu wa kumshikilia kwa nyuma. Saa ya kuumwa ikumbukwe. Asikatwe kwa wembe, asinyonywe jeraha, asifungwe kamba ya kukaza damu, maana kamba hiyo imewapotezea watu miguu ambayo sumu pekee isingeiua. Lile jiwe jeusi linalobandikwa kwenye jeraha, ambalo aghalabu ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa, halifyonzi sumu. Sifa zake zimetokana na watu walioumwa na nyoka wasio na sumu, au walioumwa na mwenye sumu ambaye hakuitoa, jambo ambalo hutokea mara nyingi. Walipona kwa sababu hawakuwa na cha kuwaua.

Dawa halisi ni ile ya kukabili sumu, itolewayo na daktari, nayo ina mushkili wake. Hutengenezwa kwa kutumia sumu ya nyoka maalumu, na iliyotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa India haiwezi kutegemewa kwa kifutu wa Makueni. Kenya imekuwa ikitegemea dawa zinazoagizwa kutoka ng'ambo, na si kila zahanati inayo. Kampuni ya Sanofi Pasteur ya Ufaransa ilikoma kutengeneza Fav-Afrique, iliyosifika sana barani, mwaka 2014, na akiba ya mwisho ikapitwa na wakati mwaka 2016. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliorodhesha kuumwa na nyoka miongoni mwa magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017. Miaka miwili baadaye lilitangaza mpango wa kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Kwa makadirio yake, kati ya watu 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani. Si busara kujua kituo chenye dawa hiyo siku ya kuumwa. Ulizia sasa, kabla ya mvua.

Kazi ya uani nayo hufanywa kabla ya mvua. Mafuta ya taa, vitunguu saumu, chumvi na mipira ya magari iliyochomwa havijathibitishwa kumfukuza nyoka. Humfukuza mwenye nyumba kwa harufu. Kinachofaa ni kazi ya jembe na nyundo. Ghala liinuliwe kama mita moja kutoka ardhini, na kila mguu wake uvishwe bati lililoinama kama mwavuli ili panya asipande. Nafaka ya nyumbani ikae katika mapipa ya chuma yenye vifuniko. Kuku walishwe chakula cha kutosha mlo mmoja na masalio yafagiliwe kabla ya giza. Banda lao lizungushiwe wavu wa waya wenye matundu ambayo kidole hakipiti.

Kuni na matofali yasirundikwe ukutani mwa nyumba bali mbali nayo, juu ya vigingi, na anayechukua kuni atangulize fimbo kabla ya mkono. Matawi yanayogusa paa yakatwe. Nyufa za ukuta na mashimo ya panya yazibwe kwa udongo au saruji, lakini yazibwe mchana, baada ya kuhakikisha kwamba aliyemo ametoka. Nyasi zifyekwe hatua kadhaa kuzunguka nyumba, na anayefyeka avae buti za mpira. Usiku, hata kama ni kwenda msalani tu, hapana budi kuvaa viatu na kushika kurunzi, mwanga ukielekezwa chini, pale mguu unapokwenda.